Mwanza: king'amuzi au kustrimu? Tupige hesabu kwanza kabla hujashusha dishi

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu, hasa wa Jiji la Miamba na kandokando ya ziwa.

Wiki hii kijiweni kwetu Buzuruga kulizuka ubishi wa kufa mtu. Jamaa mmoja katangaza kwamba ameachana kabisa na king'amuzi, sasa hivi ni Netflix mwanzo mwisho, na sisi tunaolipia kila mwezi ni washamba. Mwingine, mtu wa mpira, akamjibu kwamba kustrimu, yaani kuangalia kwa intaneti, ni mambo ya matajiri wa Capri Point. Wa Buhongwa anunue bando aangalie dakika tisini, aone jasho litakavyomtoka. Wote wawili walikuwa wanabishania bei ya kifurushi. Hakuna aliyegusa kitu ambacho mimi naona ndicho chenyewe: king'amuzi kinakula siku, kustrimu kunakula GB.

Nieleze. Ukilipia king'amuzi leo, siku zinaanza kukatika hapo hapo. Umesafiri kwenda Geita wiki mbili, TV umeifunika kitambaa, siku zinaenda tu. Lakini zikiwa hai, hata uiache TV inaongea tangu asubuhi hadi usiku wa manane, watoto katuni, mama tamthilia, mzee taarifa ya habari ya saa mbili, huongezi hata senti. Kustrimu ni kinyume chake. Usipoangalia, bando lako halisogei kwa ajili ya muvi. Ukiangalia, unalipa mara mbili: kwa mwenye muvi na kwa mtandao wa simu. Hao wa kijiweni walikuwa wanalinganisha kifurushi kizima cha king'amuzi na bili ya kwanza peke yake. Ile ya pili ndiyo inayoua.

Netflix wenyewe wanaeleza matumizi yao: ubora wa chini ni kama GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, HD inaweza kufika GB 3, na 4K hadi GB 7. Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Nyakato, TV imewashwa saa nne kwa siku (na hapo nimewaonea huruma). Kwa HD ni GB 12 kwa siku, GB 360 kwa mwezi. Kwa ubora wa chini ni GB 36, ila kwenye TV ya inchi 43 utakuwa unakisia nani kalia na nani kacheka. Picha hiyo hiyo kwenye simu inaonekana safi kabisa. Kwa hiyo kustrimu kwa bando ni jambo la simu na sikio moja la earphone. Ukitaka kulipeleka kwenye TV ya sebuleni, tafuta intaneti isiyopimwa kwa GB, vinginevyo usianze.

Wenye bahati wapo. TTCL wana intaneti ya waya, Faiba Mlangoni Kwako, na makampuni ya simu yanauza ruta za 5G za kulipia kwa mwezi. Kwa mtu wa namna hiyo hesabu inageuka kabisa, kwa sababu intaneti anailipia tayari kwa ajili ya kazi, shule na WhatsApp za ukoo mzima. Muvi zinapanda humo humo kama abiria wa ziada. Ila ulizia mtaa wako, usiulizie Mwanza. Na uliza swali ambalo wauzaji hawapendi: "Nikifika GB ngapi spidi inapunguzwa?" Netflix wanapendekeza spidi ya angalau Mbps 5 kwa picha ya 1080p (HD kamili) na 15 kwa 4K. Ikishushwa chini ya hapo katikati ya mwezi, umebaki na taa za ruta zinawaka tu.

Sasa mpira, ambao ndio unaofanya watu wagombane. Ligi Kuu ya England kwetu iko SuperSport, yaani DStv. Ligi yetu ya NBC iko Azam: mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho letu la mpira, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Pamba Jiji ya hapa kwetu, iliyorudi ligi kuu 2024 baada ya kupotea zaidi ya miaka 20, hutaiona Netflix hata ukeshe. Anayetaka vyote viwili analipia ving'amuzi viwili au anakwenda kibanda umiza, banda la kuangalia mpira kwa kiingilio. Hapo sina cha kumshauri zaidi ya kumpa pole.

Na hapa ndipo ule ubishi wa kijiweni unaponichekesha. DStv wana DStv Stream. Azam wana AzamTV Max. Mwenye mpira ni yule yule, ana milango miwili ya kuuzia. Ukihama kutoka dishi lake kwenda programu yake ya simu hujamkimbia, umejiongezea bili ya bando tu.

Kuhusu malipo: king'amuzi unalipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx au HaloPesa ukiwa kitandani. Netflix inataka kadi, na hesabu yake inakuja kwa dola, kwa hiyo wengi tunatengeneza ile kadi ya mtandaoni kupitia simu. Shilingi ikiyumba, bili inayumba nayo. Bei siziweki hapa maana zitapanda na uzi utabaki. Kodi pia ipo: tangu Sheria ya Fedha ya 2022, kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali zinatakiwa kutoza VAT, na juu yake kuna kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2. Anayesema kustrimu hakuna kodi anajidanganya.

Naomba kuwasilisha. Mje na hesabu, matusi yaacheni kwenye mabano.

Mbishi

Umeandika kama mhasibu. Mimi kwangu jibu ni fupi: mvua. Mawingu yakitanda tu upande wa ziwa, dishi linakufa. Kustrimu hakujui mvua.

Fundi wa Mabatini

Mbishi, kazi yangu ni kupanda mapaa ya watu, ngoja nikueleze.

Mwanza tuko kwenye nyuzi 33 mashariki hivi. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta. Maana yake iko karibu utosini kabisa, ndiyo sababu ukitazama paa lolote la Kirumba utaona lile dishi limelala chali linaangalia mbingu. Azam wako nyuzi 7 mashariki, dishi lao linatazama magharibi, upande wa Sengerema. Ukipita mtaani unaweza kujua nani analipia nini bila kubisha hodi.

Dishi lililolala hivyo linapokea kila kitu: vumbi, majani ya mwembe, kinyesi cha kunguru, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wateja wengi wanaoniambia "mvua ikinyesha picha inakata" nikipanda juu nakuta mambo matatu. LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, imepasuka kifuniko, maji yanaingia. Au kebo imeunganishwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa plasta, shaba imeota kijani. Au nati zimelegea, upepo wa ziwa umesogeza dishi kidogo tu. Siku ya jua linashika kwa kubahatisha, mita ya signal iko nusu. Wingu likija kidogo, kwisha habari.

Mvua kubwa ya radi itakata hata kama dishi limefungwa vizuri, hilo halina dawa. Mawimbi ya setilaiti hizi ni mafupi, matone makubwa yanayanyonya. Lakini ni dakika kumi, robo saa, wingu likipita picha inarudi yenyewe. Kama kwako inakata nusu siku, usiilaumu mvua. Ita fundi, na mwambie abadilishe kebo nzima, asiunge.

Wenye ving'amuzi vya antena, vinavyopokea kutoka mnara wa ardhini, wao hawasumbuliwi na mvua hivyo. Tatizo lao ni miamba. Nyumba ikijificha nyuma ya mlima, mawimbi ya mnara hayafiki sawasawa, hata uinue mlingoti namna gani. Kuna nyumba nimehamisha antena kona moja ya paa hadi nyingine, mita nne tu, vituo vikajaa.

Mleta uzi

Fundi, umetupa darasa. Mbishi, nikuongezee kwamba kustrimu nako kuna mvua yake, ila inanyesha mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Ilikuwa Jumapili, Arsenal wako Old Trafford. Mwenye dishi aliona bao moja la Arsenal bila shida. Mwenye programu ya simu alikuwa anazungusha kiduara. Na Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku zile kilichoonyesha picha sebuleni ni king'amuzi na flashi.

Sisemi dishi ni bora. Nasema kila kimoja kina siku yake ya kukuangusha.

Mama Watatu

Kaka mleta uzi, umeongea sana mpira. Ngoja na sisi wa tamthilia tuseme.

Kwangu Buswelu mume anarudi usiku, mpira anaangalia huko huko na wenzake. TV ni ya kwangu, dada wa kazi na watoto. Dada anataka tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti ya Kiswahili. Watoto wanataka katuni. Netflix nilijaribu: nzuri, wala sibishi, lakini nyingi ni Kiingereza na maandishi chini, na dada akikata vitunguu hawezi kusoma maandishi. Mtu hazungumzii hili kwa sababu wanaoandika mitandaoni hawapiki.

Jambo la pili ni kuchagua. King'amuzi ukikiwasha kinaongea. Saa moja tamthilia, saa mbili habari, unajua. Huku kwingine nakaa na rimoti natafuta, natafuta, chakula kinapoa, watoto wanagombana nani achague. Mwisho nazima.

Ila kwa watoto kuna kitu nimekipenda: kupakua. Tukiwa ofisini kwenye waifai napakua vipindi kwenye simu, safari ya kwenda Bukoba usiku kucha melini hawanisumbui. King'amuzi huwezi kukipandisha meli.

Malalamiko yangu kwa kampuni moja ya ving'amuzi, sitaitaja: nililipia mchana, pesa imekatwa, meseji ya muamala ninayo, picha haikuja mpaka kesho yake. Na zile saa walizonizimia, siku ziliendelea kuhesabiwa.

Mbishi

Mama Watatu kaua uzi. Hiyo ya vitunguu sina jibu.

Fundi wa Mabatini

Dada, siku nyingine ukilipia acha king'amuzi kimewaka, kwenye chaneli ya kifurushi chako. Amri ya kufungua inakuja kwa njia ya setilaiti. Kikiwa kimezimwa kinaikosa, halafu unaanza kupigana na huduma kwa wateja. Kama kimewaka na bado, piga simu waitume tena.

Mtoto wa Nansio

Nyie wa mjini mnajadili faiba. Njooni visiwani.

Ukerewe hapa Nansio mtandao si mbaya. Lakini nenda kwenye makambi ya dagaa, huko kuna kona moja tu ya mwamba ambako simu inashika vizuri, na watu wamepanga foleni kuongea na wake zao. Kustrimu unakustrimia wapi? Huko dishi ndiyo mfalme, na ni kwa sababu ya umeme wa jua. Ving'amuzi vingi vinatumia volti 12, TV ndogo nayo ipo ya volti 12, unavifunga kwenye betri moja kwa moja. Setilaiti haijui kama uko Dar au uko kisiwani, inakumwagia sawasawa.

Tatizo letu ni mwezi, nao ni ule wa mbinguni. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi unasimama, watu wanakaa kambini, mifuko imetuna kutoka gizani, na ndipo wanapotaka TV. Giza likirudi, wote wako majini usiku, TV haina mtu. Sasa kifurushi cha siku 30 cha nini? Nusu yake inaliwa na giza. Ndiyo maana jamaa wa StarTimes wenye malipo ya siku na ya wiki wanaeleweka haraka kwa mvuvi. Analipia wiki ya mbalamwezi, wiki nyingine anaenda kazini. Hizo kampuni kubwa zinazouza mwezi mzima zingeangalia kalenda ya wavuvi zingepata wateja ambao sasa hivi wanawaacha.

Mleta uzi

Mtoto wa Nansio, hii sikuwa nimeifikiria kabisa, na ndiyo inayonifanya nipende kuanzisha nyuzi. Inaendana na hoja yangu ya siku dhidi ya GB: anayeangalia kwa vipindi, siku zinamwibia. Mvuvi akiwa na mtandao mzuri, kustrimu kungemfaa kuliko mtu wa sebuleni. Asicho nacho ni mtandao.

Kibanda cha Igoma

Mimi nina kibanda umiza, naongea kama mfanyabiashara.

Kustrimu kwenye biashara ya mpira ni kifo, na sababu yake ni kuchelewa. Picha ya mtandaoni inafika nyuma ya ile ya dishi, wakati mwingine nusu dakika nzima au zaidi. Kibanda cha jirani wana dishi, wanapiga kelele "gooo!", wateja wangu bado wanaona kipa anapiga goli kiki. Mteja wa namna hiyo harudi. Nilimwona mmoja kaacha soda yake haijaisha, kavuka barabara.

Pili, muwe wakweli kuhusu vibanda. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kuonyesha watu kwa kiingilio kunataka kifurushi cha biashara, DStv wanacho, na bei yake ni nyingine. Wengi wanachomekea kile cha nyumbani na wanaishi roho juu siku ya ukaguzi.

Kuhusu muvi, kibandani kwangu mchana zinaenda zilizotafsiriwa. Mtu wa Igoma hataki maandishi, anataka mtu amwelezee kwa sauti, amtanie na steringi. Netflix haina hiyo.

Mbishi

Sasa mbona hamtaji mpinzani mkubwa kuliko wote? Flashi. Unakwenda kwa kijana pale stendi ya Nyegezi, unamwambia sizoni unayotaka, anakurushia, umemaliza. Hakuna siku, hakuna GB.

Mleta uzi

Nilijua itakuja. Mbishi, flashi ipo, kila mtu anaijua, na kila mtu anajua aliyetengeneza ile muvi hajapata hata mia. Hata muvi zetu za Bongo ziko humo humo. Siwezi kuipendekeza hapa halafu kesho nilalamike kwa nini wasanii wetu wanaacha kazi.

Cha bure kipo kingine, halali, watu wanakisahau: ving'amuzi vya antena vinatakiwa kukuonyesha vituo vya bure kama TBC1, ITV na Star TV hata kifurushi kikiisha. Star TV ni ya hapa hapa kwetu, chini ya Sahara Media pamoja na Radio Free Africa. Wa dishi mnakumbuka 2018, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipowazuia DStv, Azam na Zuku kubeba vituo vile kwa sababu ya aina ya leseni zao. Watu walilala wana ITV, wakaamka hawana. Ndipo wengine tukarudi kununua king'amuzi cha antena, aina ile ile tuliyoinunua analojia ilipozimwa mwanzoni mwa 2013 halafu tukaitupa.

Kwa hiyo nyumba isiyo na mtu wa mpira, ina faiba, na watu wake wanasoma maandishi bila shida: antena ya vituo vya bure kwa ajili ya habari, na Netflix moja. King'amuzi cha kulipia hapo siioni kazi yake. Nyumba yenye mpira au yenye dada wa kazi kama wa Mama Watatu: baki na dishi, na kustrimu kuwe kwa simu. Kulipia vyote viwili kwa ukamilifu ni kwa mwenye nazo.

Kijana wa Malimbe

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanachuo hapa SAUT, tunaishi watatu chumba kimoja. TV tunayo ndogo, dishi mwenye nyumba hataki lipandishwe kwenye paa lake. Mmoja anataka EPL, mimi Pamba, wa tatu muvi. Tulifikiri tutumie akaunti ya Netflix ya kaka yake aliyeko Dar. Mnatushaurije?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Akaunti ya Dar isahau, tangu 2023 Netflix wamebana watu wanaogawana nje ya kaya moja. Itafanya kazi wiki mbili, siku ya tatu ya mtihani itakuomba uthibitishe na kaka hapokei simu. Nyie watatu mko chumba kimoja, chukueni ya kwenu kwa kuchanga, muwe mnapakua mkiwa kwenye waifai ya chuo, muangalie usiku bila bando.

EPL msiilipie. Mechi kubwa mwende kibandani, kiingilio cha mechi chache kwa mwezi hakifikii kifurushi. Na wewe wa Pamba, wakicheza nyumbani panda daladala uende Kirumba, zile za ugenini ndizo utafute AzamTV Max kwenye simu au banda lenye Azam.

Fundi wa Mabatini

Na mwambie mwenye nyumba dishi si lazima likae paani. Kwa hili linaloangalia utosini, bomba la chuma ardhini nyuma ya nyumba linatosha, mradi hakuna mti juu yake. Nimefunga mengi hivyo hapo Malimbe. Akikubali nitafute.